Unatafuta fundi wa kukujengea gereji Kitengela? Muulize kwanza habari ya udongo

Shemeji yangu, mume wa dadangu, anakaa Kitengela huu mwaka wa saba kwa sababu ya kazi. Alipojaaliwa gari la pili, alitaka gereji ya mawe ya magari mawili, yenye pembe ya kuweka vifaa vyake na meza ya kufanyia kazi za mikono. Alitaka iungane na ukuta wa nyumba, ili dadangu akirudi na watoto wakati wa mvua aingie ndani bila kulowa. Akanipigia simu nimtafutie fundi. Sikusita. Nikampelekea fundi aliyejenga nyumba tatu za jamaa zetu hapa Mombasa, mtu mwaminifu asiyechukua hata msumari, na mwashi mwenye mkono mzuri wa mawe.

Fundi alifika Januari, jua limeshika. Akaipiga ardhi kwa kisigino, akaiona ngumu kama sakafu, akasema: "Shekhe, hapa futi mbili zatosha." Futi mbili zikachimbwa. Kuta zikapanda zimenyooka, timazi haikupata pa kumkosoa. Mwezi wa tatu magari yakaingia ndani, na picha zikatumwa kwenye kikundi cha familia. Mwezi wa nne mvua zikaanza. Kufikia mwezi wa sita palikuwa na ufa pale gereji ilipoungana na nyumba, wa kupitisha vidole viwili. Sakafu ilikuwa imevimba katikati, na mlango mkubwa wa chuma haufungi tena.

Fundi hakutuibia wala hakufanya kazi ovyo. Kosa lilikuwa langu mimi niliyemchagua. Nilitafuta mtu mwaminifu, nikasahau kutafuta mtu anayeijua ardhi ya huko. Nayaandika haya kwa sababu watu wetu wengi wa Pwani wamenunua viwanja Kitengela, Isinya na Kajiado, na wengi hufanya kama nilivyofanya: humchukua fundi wa nyumbani wakampandisha basi.

Udongo unaotembea

Sisi wa Pwani tumelelewa juu ya matumbawe na mchanga. Ukichimba kidogo Mombasa, sehemu nyingi unakutana na jiwe, na jiwe hilo ndilo wazee wetu walilolikata wakajengea nyumba na misikiti kwa chokaa kuanzia Lamu hadi Vanga. Ardhi ya namna hiyo haina hila nyingi. Fundi akiweka msingi wake mahali pagumu, anaweza kwenda kulala.

Kitengela ni nchi nyingine. Iko kwenye mbuga za Athi, na sehemu kubwa imefunikwa na udongo mweusi wa mfinyanzi, ule ambao mafundi wa huko huuita "blakikotoni". Udongo huu hunywa maji ukavimba, na ukikauka husinyaa hadi kupasuka nyufa za kuingiza mkono. Kiangazi unaudhania mwamba. Mvua za Machi hadi Mei zikija, unageuka tope linalovua viatu, na nguvu zake za kuvimba zinaweza kuinua sakafu ya zege na kupasua ukuta.

Kibaya zaidi ni kwamba hauvimbi sawasawa. Udongo wa kando ya nyumba, unaopata maji ya paa, hulowa upesi. Ule ulio chini ya sakafu hubaki mkavu kwa muda. Kwa hivyo upande mmoja wa jengo huinuliwa na mwingine hukaa, na hapo ndipo ukuta unapokatika.

Gereji ya shemeji yangu ilikuwa na balaa la ziada. Nyumba yenyewe ilijengwa na watu wa huko, na msingi wake umeshuka hadi kwenye mwamba. Gereji ikasimama juu ya udongo mweusi, futi mbili tu. Kisha kuta za majengo haya mawili zikafungwa pamoja. Mvua ilipokuja, nyumba haikutikisika, gereji ikapanda, na ufa ukafunguka palipoungana. Mhandisi tuliyemwita baadaye alitumia dakika chache tu kutuonyesha.

Ukienda mbele kwenye barabara ya Namanga, kiasi cha kilomita 50 kutoka Kitengela, ukafika Kajiado mjini, mambo hubadilika tena. Kuna mahali mwamba uko karibu sana na juu, mahali pengine udongo mwekundu, na mahali udongo mweusi umejaa kwenye mabonde. Hata Kitengela kwenyewe, kiwanja chako na cha jirani vinaweza kutofautiana kwa futi kadhaa. Kwa hivyo hakuna kipimo kimoja cha kukariri.

Swali moja la kumjaribu fundi

Baada ya hasara ile nilijifunza swali moja ambalo sasa humpa kila anayeniuliza. Ukikutana na fundi wa Kitengela au Kajiado, muulize: "Msingi wa gereji yangu utachimba futi ngapi?"

Akikujibu hapo hapo kwa hesabu, futi mbili, tatu au tano, mshukuru na uendelee kutafuta. Fundi wa pili tuliyempata, mzee aliyejenga Kitengela miaka mingi, alijibu hivi: "Mimi siwezi kukuambia futi kabla sijachimba shimo. Udongo ndio utaniambia." Hapo nikajua tumempata mtu.

Shimo la majaribio ni kazi ya vibarua wawili kwa siku moja. Huchimbwa katika pembe mbili au tatu za mahali jengo litakaposimama, hadi kufika kwenye maramu iliyoshikana au mwamba. Pale kwetu upande mmoja ulifika futi nne, upande wa pili karibu sita. Ukishajua kina, njia iliyozoeleka ni kuuondoa udongo mweusi wote chini ya jengo na kuusomba nje ya kiwanja, msingi ukashushwa hadi pagumu. Shimo hujazwa maramu na mawe, tabaka kwa tabaka, kila tabaka likinyunyiziwa maji na kushindiliwa kwa mashine. Mahali ambapo udongo umekwenda chini sana, mhandisi anaweza kushauri njia nyingine, kama nguzo za zege na mihimili juu yake. Fundi anayekuambia udongo uliochimbwa urudishwe chini ya sakafu "ili kupunguza gharama" anakuandalia gharama nyingine.

Pa kumtafuta

Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Fundi anayekusimamisha njiani kukusifia kazi yake si lazima awe mbaya, lakini usianzie kwake. Wala usianzie kwenye picha za simu, maana picha hupigwa siku kazi inapokwisha, na ufa huja baada ya mvua.

Anzia mtaani. Zunguka mitaa iliyo karibu na kiwanja chako, tafuta gereji, vyumba vya mlinzi na kuta za uani zilizojengwa miaka mitatu au minne iliyopita. Majengo haya madogo husema kweli kuliko nyumba kubwa, kwa sababu watu huyafanyia ubahili kwenye msingi. Tazama pembe za juu za milango na madirisha, pale ufa unapoanzia. Tazama pale jengo dogo linapokutana na kubwa. Ukiona limesimama salama, bisha hodi, toa salamu, muulize mwenye nyumba ni nani aliyemjengea.

Kwa mwenye nyumba uliza mambo manne. Kazi ilikwisha kwa muda uliokubaliwa? Bei ilipanda katikati, na kwa sababu gani? Kulipotokea kasoro, fundi alirudi? Na la mwisho, ungempa kazi nyingine leo? Watu wengi huwa na haya kumsema mtu vibaya, lakini kwenye swali la mwisho uso husema hata mdomo ukinyamaza.

Madereva wa malori ya mawe na wauzaji wa maduka ya vifaa vya ujenzi nao wanawajua mafundi wote, na wanajua nani hulipa madeni na nani hukimbia. Waulize, ila kumbuka kuwa baadhi yao hupata chochote kwa kukuelekeza kwa mtu fulani. Msikitini baada ya Ijumaa pia utapata wenyeji wa kukushauri. Lakini undugu wa dini au wa kabila usiwe badala ya kuiona kazi. Mimi ndivyo nilivyoponzwa.

Karatasi kabla ya mwiko

Wengi hudhani gereji ni kibanda tu, haina haja ya kibali. Sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019 inataka ruhusa ya kaunti kabla ya kuendeleza ardhi, na adhabu ya kujenga bila ruhusa inaweza kufika faini ya shilingi 500,000. Kwa Kitengela mwenye mamlaka ni serikali ya Kaunti ya Kajiado. Kaunti itataka ramani iliyochorwa na msanifu majengo aliyesajiliwa na, pale panapohitajika, michoro ya mhandisi. Kama uko kwenye mtaa wenye geti na chama cha wakazi, soma pia masharti yao. Wengine hawaruhusu jengo ligusane na ukuta wa jirani, wengine wana rangi na paa lao. Na kabla ya yote hakikisha vigingi vya mpaka viko mahali pake, usije ukajenga kwa mwenzio.

Kisha kuna Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Hii husajili wakandarasi katika daraja nane, NCA 1 mpaka NCA 8, na pia huwatambua mafundi na wasimamizi wa kazi mmoja mmoja. Mwombe fundi au mkandarasi cheti chake, kisha usitosheke na karatasi aliyokushikisha. Thibitisha jina lake kwa mamlaka wenyewe. Uliza pia kama kazi yako ni ya kusajiliwa nao kabla haijaanza. Cheti hakimaanishi mtu anaujua udongo mweusi, lakini mwenye cheti ana kitu cha kupoteza akikufanyia ubaya.

Kama waona haya ni usumbufu, kumbuka jengo la Huruma, Nairobi, lililoanguka usiku wa mvua tarehe 29 Aprili 2016 likaua watu zaidi ya 40. Gereji yako haina ghorofa sita, lakini watoto watacheza ndani yake.

Mambo ya gereji ambayo si ya chumba cha kulala

Kuna mafundi wazuri wa nyumba ambao hawajawahi kujenga gereji hata moja. Usimwache fundi akisie.

Kwanza nafasi. Gari moja lahitaji ndani si chini ya mita 3 kwa 6 ili milango ifunguke, na magari mawili mita 6 kwa 6. Ukitaka meza ya kazi na rafu, ongeza. Pima gari lako pamoja na vioo vya kando, na kama lina kichanja cha mizigo juu, pima kimo chake kabla ya kukata urefu wa mlango.

Pili linta ya mlango. Dirisha la mita moja fundi yeyote atalifunga, lakini uwazi wa mita 5 usio na nguzo katikati ni jambo la mhandisi. Ukubwa wa vyuma na kimo cha linta hiyo visikadiriwe kwa macho. Ukiogopa, gawa milango miwili kwa nguzo ya katikati.

Tatu sakafu. Gari lina uzito, na uzito huo hukaa kwenye magurudumu manne. Sakafu ya zege ya sentimita 15, juu ya mawe yaliyoshindiliwa na karatasi ya nailoni, yenye wavu wa chuma ndani, ndiyo iliyopendekezwa kwetu. Iwe na mteremko mdogo kuelekea mlangoni ili maji yatoke.

Nne, ikiwa gereji itakaa ubavuni mwa nyumba, isifungwe nayo. Iachiwe nafasi ya upana wa kidole, ijazwe kitu laini na kuzibwa juu maji yasiingie, ili kila jengo litembee kivyake. Hili ndilo tulilolikosa.

Tano, acha matundu ya hewa juu na chini, na gari lisiwashwe likaachwa linanguruma mlango umefungwa. Moshi wake huua bila kelele. Na paa lifungwe imara kwenye kuta, kwani Kitengela ni mbuga wazi na upepo wake hauna kizuizi.

Mawe, mchanga na maji

Kwa vifaa, ukanda huo umejaaliwa. Viwanda vya saruji viko jirani, Athi River, na mchanga hutoka kwenye mito ya Kajiado na Machakos. Mawe mengi ya kujengea ni yale ya kukatwa kwa mashine, na mashuhuri ni ya Ndarugo kutoka upande wa Juja. Ya inchi 9 kwa 9 hutumika zaidi kwenye msingi, ya inchi 6 kwa 9 kwenye kuta. Lori likifika usikubali lipakuliwe kabla hujaangalia. Gonganisha mawe mawili. Yakilia kwa sauti kavu ni magumu, yakitoa sauti ya kufa na kumomonyoka pembeni, rudisha.

Mchanga utie nusu ya chupa ya maji iliyo wazi, tikisa, uache utulie. Tope likitanda nene juu ya mchanga, huo haufai kwa zege mpaka uoshwe. Maji nayo huletwa kwa lori sehemu nyingi, na visima vya huko mara nyingine vina chumvi, adui wa vyuma vilivyo ndani ya zege. Yaonje. Na baada ya zege kumwagwa, linywesheni maji si chini ya siku saba. Fundi wetu wa Mombasa alizoea hewa ya bahari yenye unyevu, na jua na upepo wa Kitengela vilimkaushia zege kabla hajajua.

Mkataba na malipo

Kuna namna tatu za kukubaliana. Ya kwanza ni malipo ya siku, inayofaa ukiwa hapo kila siku, la sivyo kazi haina mwisho. Ya pili ni kulipa leba peke yake, vifaa ukanunua mwenyewe. Hii humpunguzia fundi kishawishi cha kutia saruji kidogo, lakini inataka mtu wako wa kuhesabu mifuko. Ya tatu ni mkandarasi kubeba kila kitu. Hiyo ina raha, ila lazima ueleze kwa maandishi aina ya mawe, ukubwa wa vyuma na kipimo cha zege, maana usipoandika ataweka kilicho rahisi.

Kwa vyovyote, andikianeni. Sisi Waislamu tusiwe wa mwisho katika hili, kwani aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Surat al-Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Mimi na fundi wetu hatukuandika hata mstari mmoja, kwa kuwa "tunajuana". Ufa ulipofunguka, yeye alikumbuka kwamba sisi ndio tuliosema tuharakishe, shemeji akakumbuka vingine, nami katikati nikakosa la kusema. Karatasi ingetuokoa na maneno hayo.

Malipo yafuate hatua zilizokwisha. Mpe kianzio kidogo cha kuleta vifaa vyake, halafu ulipe msingi ukiisha na kukaguliwa, kuta zikifika kwenye linta, paa likifungwa, na sakafu na mlango vikikamilika. Zuia sehemu ya mwisho. Desturi ya mikataba ya ujenzi ni kubakisha asilimia 5 hadi 10 mpaka muda wa kuangalia kasoro upite. Kitengela ushauri wangu ni muda huo upitiwe na msimu mzima wa mvua, na fundi ajue hivyo tangu siku ya kwanza. Lakini hatua ikiisha vizuri, lipa siku hiyo hiyo. Fundi anayecheleweshewa haki yake huenda kutafuta riziki kwa mwingine, na anakuachia kuta zisizo na paa.

Hatua ya kumleta mhandisi ni mbili angalau: msingi ukiwa wazi kabla ya zege, na vyuma vya linta vikiwa vimefungwa kabla havijafunikwa. Ada ya ziara hizo mbili ni ndogo ukilinganisha na kubomoa. Sisi tulibomoa. Kuta tatu, sakafu yote, na mawe mengi hayakufaa tena. Shemeji hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Gereji ya pili imesimama kando ya nyumba, na nafasi ya kidole kati yao. Imepitia masika mawili. Fundi wetu wa Mombasa nilimwomba aje kuiona wakati mashimo yalipokuwa wazi, akaja kwa nauli yake. Alishuka ndani ya shimo la futi sita, akaufinyanga ule udongo mweusi mkononi kwa muda mrefu bila kusema kitu. Siku hizi akiitwa bara, hushika simu na kumuuliza yule mzee wa Kitengela kwanza.

Nawe ndugu msomaji, kama una kiwanja huko na una nia ya kujenga, kabla hujampigia fundi yeyote, watafute vibarua wawili wakuchimbie shimo. Kisha ndiyo uende kumtafuta wa kulisoma.